Jaji Asijue Nyama ni ya Nani

Ukitaka kubashiri nani atashinda shindano la kuchoma nyama huku kwetu Nyamache, achana na majiko. Angalia tu jaji amesimama kwa nani akisalimiana muda mrefu.

Si mzaha. Kijana amelipa ada, amenunua mbuzi na makaa kwa pesa yake. Akishinda, anaanza kuitwa kuchoma kwenye harusi na sherehe. Ukimnyima ushindi kwa sababu ya jina lake, manze, umemnyima kazi.

Majaji wanazunguka kutoka jiko hadi jiko, wanalishwa na mchomaji mwenyewe, na wanajua huyu ni wa ukoo gani na yule ni mpwa wa mheshimiwa aliyetoa zawadi. Sisemi kila jaji amehongwa. Hata jaji mwaminifu, ulimi wake hufuata macho.

Wamarekani walishalifikiria hili. Kansas City Barbeque Society, chama kilichoanza miaka ya 1980, kinataka nyama imfikie jaji ndani ya boksi lililofungwa, lisilo na jina, namba tu. Na namba aliyopewa mchomaji hubadilishwa kabla boksi halijafika mezani. Meza moja ina majaji sita. Hawazungumzi wakionja. Wanatoa alama kati ya 2 na 9 kwa mwonekano, ladha na ulaini, na ladha ndiyo yenye uzito zaidi. Kisha alama ya chini kabisa inatupwa, kwa hivyo jaji mmoja mwenye kisirani hawezi kukuzika. (Ya juu haitupwi, na hapo naona wameacha mwanya: anayekupendelea bado anakubeba. Sisi tutupe zote mbili.)

Hiyo yote inahitaji nini? Sahani za karatasi zinazofanana, kalamu, na mtu mmoja wa kubadilisha namba. Mkulima wa chai hapa akipeleka majani kituoni, anataka kuona mizani na kuondoka na risiti ya kilo zake. Kwani mchomaji ni nani hadi asomewe tu mshindi kwenye kipaza sauti? Alama za kila jaji zibandikwe ukutani.

Halafu kuna nyama yenyewe. Mmoja akileta mbuzi mchanga na mwingine beberu mzee, hapo mnashindanisha mifuko. Waandaaji wachinje wao, wagawe kiungo kilekile kwa kura. Na wachomaji wawashe moto kwa kupishana, kila mmoja na dakika zake, maana mafuta ya mbuzi yakishaganda, wa mwisho kuonjwa ameshaenda nyumbani.

Safari ijayo ukiombwa ada, kabla hujatuma M-Pesa, uliza: namba zinabadilishwa na nani, na karatasi za alama zitabandikwa wapi? Wakikucheka, hiyo pesa nunulia makaa uchomee marafiki zako.