Barua za Napoleon ni mali ya nani?

Nimekuwa kimya siku mbili tatu, mniwie radhi. Kazi za chumba cha habari mnazijua. Leo nina jambo linanikereketa, nalo ni la barua.

Tarehe 20 Oktoba 1812 Napoleon Bonaparte, mtawala wa Ufaransa, alikuwa ndiyo kwanza ameondoka Moscow na jeshi lake. Akamwandikia waziri wake wa mambo ya nje kwa tarakimu za siri, kumwarifu kwamba Kremlin italipuliwa. Miaka 200 baadaye, Desemba 2012, barua hiyo ikapigwa mnada Fontainebleau. Wenye mnada walitarajia isizidi euro 15,000. Ikaenda kwa euro 187,500! Mnunuzi alikuwa makumbusho binafsi ya barua na miswada ya Paris, yaliyofunguliwa mwaka 2004.

Utasema safi, sasa wananchi wataiona. Ngoja kwanza. Nyuma ya makumbusho hayo kulikuwa na kampuni, Aristophil, iliyonunua maandishi ya watu maarufu na kuyauza kwa mafungu kwa watu wa kawaida waliotarajia faida ya kama asilimia 8 kwa mwaka. Mwaka 2015 kampuni ikafilisika, makumbusho yakafungwa, na wawekezaji zaidi ya 18,000 wakabaki wameshika tama. Kuanzia Desemba 2017 hazina yote ikaanza kunadiwa kidogo kidogo. Aprili 2019 barua tatu za mapenzi za Napoleon kwa mkewe Joséphine ziliuzwa euro 513,000.

Kwa hizo za mapenzi sina ugomvi. Hayo ni ya mtu na mkewe, warithi wakiuza ni shauri lao. Lakini ile ya Kremlin? Pale mkuu wa nchi anamwandikia waziri juu ya kazi ya dola. Hiyo si mali ya kurithi wala ya kuwekea akiba ya uzeeni.

Tena Wafaransa wenyewe wanalijua hilo. Aristophil hao hao walikuwa na miswada ya simu za maandishi za Jenerali de Gaulle ya miaka ya 1940 hadi 1942. Serikali ikaidai, na mahakama zikakubali kwamba ni nyaraka za umma. Kama za de Gaulle ni za umma, za Napoleon zimekosa nini? Uzee?

Najua kuna watakaosema matajiri ndio waliozitunza barua hizi zisiliwe na panya. Sawa, walipwe ahsante yao. Lakini kutunza si kumiliki, na makumbusho yanayosimama juu ya faida huanguka nayo.

Na kabla hatujawacheka Wafaransa: barua za ofisini za wakubwa wetu waliostaafu ziko wapi? Kwenye nyaraka za taifa, au kabatini nyumbani?

Nauliza tu. Wewe unasemaje?