Skegness: wawakilishi ni wengi, lakini nani anajibu?

Mkaaji wa Skegness, mji mdogo ulio kwenye pwani ya mashariki ya Uingereza, hakosi mtu wa kumpigia kura. Mwaka 2023 alichagua washauri wa mji na washauri wa wilaya. Mwaka 2024 akachagua mbunge. Mwezi wa tano 2025 akachagua washauri wa kaunti na, siku hiyo hiyo, meya wa eneo zima la Greater Lincolnshire. Ni ngazi tano katika miaka mitatu. Lakini shida ikitokea, nani kati ya hao wote anajibu?

Tuchukue mfano wa takataka. Wanaopita nyumbani kuzichukua ni watu wa baraza la wilaya ya East Lindsey, ambalo makao yake yako Horncastle, zaidi ya kilomita 30 kutoka baharini. Zikishachukuliwa, kazi ya kujua zinaishia wapi ni ya baraza la kaunti, lililoko Lincoln, zaidi ya kilomita 60 kwa barabara. Shimo barabarani ni la kaunti. Kibali cha kujenga ni cha wilaya. Shule na huduma za wazee ni za kaunti. Meya naye anashughulika na mambo ya usafiri na mafunzo ya kazi. Baraza la mji, ambalo mtu anaweza kulifikia kwa miguu, ndilo lenye uwezo mdogo kuliko yote.

Sisi hapa tunaijua safari hiyo ya kutoka ofisi hadi ofisi. Tofauti ni kwamba kule kila ofisi imepigiwa kura. Ndiyo maana kisa cha Skegness kinatufundisha kitu: kura nyingi peke yake haileti jibu.

Tazameni pia hesabu ya kura. Mbunge wa Boston na Skegness, Richard Tice wa chama cha Reform UK, alishinda mwaka 2024 akiwa na chini ya asilimia 40 ya kura. Sheria ya kule inamruhusu: anayetangulia anachukua kiti, hata kama wengi walichagua wengine. Akifika London, anakuwa mmoja kati ya wabunge 650. Mwaka uliofuata, chama hicho hicho kilichukua kiti cha meya, Andrea Jenkyns, na pia baraza la kaunti. Wapende wasipende, wakaaji angalau sasa wanajua wa kumuuliza katika ngazi tatu. Lakini pesa nyingi bado zinatoka serikali kuu, ambayo iko mikononi mwa chama cha Labour, na kisingizio hakijaisha.

Jambo zito kuliko yote ni bahari. Usiku wa tarehe 31 Januari 1953, maji yalivuka pwani hiyo na sehemu nyingine za mashariki. Watu 307 walikufa nchini Uingereza. Leo, anayesimamia kinga dhidi ya bahari kwenye pwani hiyo ni shirika la taifa la mazingira, ambalo kwa miaka mingi limekuwa likiongeza mchanga ili mawimbi yasifike kwenye nyumba. Mkuu wa shirika hilo hachaguliwi na mtu yeyote wa Skegness. Yaani mkaaji anapiga kura mara tano, lakini jambo linaloweza kumuua linaamuliwa mahali ambapo kura yake haifiki moja kwa moja.

Mwezi wa kumi na mbili 2024, serikali ya London ilitangaza mpango wa kufuta mfumo wa wilaya na kaunti, ili kila sehemu iwe na baraza moja kubwa. Kwa upande mmoja naunga mkono. Takataka zikiwa na mwenyewe mmoja, hakuna tena kutupiana lawama. Lakini baraza kubwa litakuwa na washauri wachache zaidi kwa wakaaji wengi zaidi, na mji wa pwani unaoishi kwa watalii wa miezi michache ya joto una shida ambazo mkulima wa bara hazijui. Katika baraza kama hilo, sauti ya Skegness inaweza kuzama.

Kwa hiyo, ngazi ya wilaya ikiondolewa, sehemu ya kazi zake na pesa zake zishuke kwa baraza la mji, zisipande zote juu. Pwani, bustani na masoko vinaweza kuongozwa na watu wanaoviona kila siku. Na shirika linalolinda mji dhidi ya bahari lilazimishwe kufika Skegness kila mwaka, likae mbele ya wakaaji na lijibu maswali yao. Kumwakilisha mtu ni kumjibu, na wa kwanza kujibiwa awe yule ambaye maji yatafika mlangoni kwake.