Mhindi Anapowasha Udi Dukani, Msiseme Anaroga Pesa

Wiki iliyopita nilikwenda Arua kutafuta misumari ya bati na komeo la mlango. Nilifika mapema, duka la Mhindi ndiyo kwanza linafunguliwa. Mwenye duka alikuwa ameshika vijiti viwili vya udi, anavizungusha taratibu mbele ya kijisanduku cha mbao kilichopachikwa ukutani juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na picha ya Lakshmi, mungu wa kike wa neema na mali kwa Wahindu, na shada la maua ya plastiki. Tukasubiri. Kijana mmoja wa bodaboda nyuma yangu akasema kwa sauti, "Anaita pesa zetu huyo. Ndiyo maana hazikai mifukoni." Watu wakacheka. Mwenye duka alisikia, maana Kiswahili anakijua, lakini hakugeuka.

Tangu nirudi nyumbani Koboko neno lile halijanitoka. Nimelisikia maisha yangu yote, sokoni, kwenye mazishi, hata katika mawaidha: Baniani anaomba sanamu, na sanamu inampa mali. Methali nayo inatuambia Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Kiatu tunakichukua, mwenyewe tunamwacha mlangoni. Mimi ni Mwislamu, naswali sala zangu tano, na sina nia ya kuhama. Lakini nasema dhana hiyo ni ya uongo, na ushahidi wangu ni wa macho.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka kumi na tatu, naishi kwa mjomba wangu Arua. Alfajiri nilifagia duka la nguo la familia moja ya asili ya Gujarat, ndipo niende shule. Familia yenyewe iliishi nyuma ya duka. Mama mzazi wa mwenye duka wote walimwita Ba, yaani mama, nami nikamwita hivyo hivyo. Nilipofika asubuhi nilimkuta ameshaoga, amewasha taa ya samli yenye utambi wa pamba aliousokota mwenyewe, amekaa chini kwenye mkeka. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa kitambaa wenye umbo la pembe. Humo alikuwa na tasbihi, shanga 108, akizivuta moja moja kwa kidole gumba huku midomo ikicheza bila sauti.

Mfuko ule ulikuwa na tundu, na kidole cha shahada kimetokeza nje. Nilidhani umechanika, nikamwambia naweza kumpelekea kwa fundi. Akatikisa kichwa. "Hii kidole ya kusema mutu mubaya," akaniambia kwa Kiswahili cha dukani. "Hii kidole ya mimi, mimi. Kwa kazi ya Mungu hapana ingia."

Nilishangaa, kwa sababu kwetu kidole hicho ndicho tunachokiinua kushuhudia kwamba Mungu ni mmoja. Yeye alikiona kidole cha kunyoshea watu, cha kujitaja na kulaumu, akakiacha nje ya ibada. Nikamuuliza, basi huwa anaomba nini kwa muda wote ule? Akasema haombi, anataja jina.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mwalimu, nilisoma tafsiri ya Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, nikamwelewa. Katika sura ya saba Krishna, ambaye humo ndiye Mungu anayesema, anawataja watu wa aina nne wanaomwendea: mwenye dhiki, anayetafuta maarifa, anayetaka mali, na mwenye hekima. Wote wanne anawapokea, hata wa mali. Ila wa nne ndiye wa karibu zaidi, kwa sababu hakuja kuchukua kitu. Kiswahili chetu kinatusaidia hapa kuliko tunavyodhani, kwa kuwa tunajua dua ni jambo moja na sala ni jingine. Wahindu nao wana ombi, wana puja ya kumkaribisha Mungu kama mgeni wa heshima kwa maji, maua na mwanga, na wana kulitaja jina kama alivyofanya Ba. Gayatri, sala kongwe ya Rig Veda ambayo mamilioni huisoma jua linapochomoza, inaomba jambo moja tu: nuru iziamshe akili zetu. Akili zetu sote, si ya msomaji peke yake.

Gandhi, aliyepigwa risasi Delhi tarehe 30 Januari 1948 akielekea kwenye sala ya jioni, alishikilia kwamba kusali ni kukiri udhaifu wako kila siku zaidi ya kudai vitu. Katika mikutano yake ya sala Kurani nayo ilisomwa, na wapo Wahindu waliompinga kwa hilo. Sehemu ya majivu yake ilitiwa kwenye Nile pale Jinja mwaka huohuo, na maji ya Jinja ndiyo yanayopita Pakwach, mlangoni kwetu.

Sitaki kumpaka msomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Wafanyabiashara wa Kihindu huomba faida, nimewaona. Siku ya Diwali, sikukuu yao ya taa, mwaka 1971 mwenye duka alileta daftari jipya la hesabu, la jalada jekundu, akaliweka kwenye sinia mbele ya picha za miungu Lakshmi na Ganesh pamoja na mchele na sarafu. Ukurasa wa kwanza aliandika kwa rangi nyekundu maneno mawili, shubh na labh. Ba akanifasiria: heri, faida. Heri ndiyo iliyotangulia. Na daftari lile ndilo ambalo madeni ya wateja yangeandikwa mwaka mzima. Ukianza kwa kumwonyesha Mungu kitabu kikiwa kitupu, umejifunga kwa yale utakayoyaandika humo. Wapo walioandika uongo humo baadaye, kama wapo kwetu wanaotoka msikitini wakaenda kupunja mizani. Na nani kati yetu hajaiombea biashara yake?

Agosti 1972 Rais Idi Amin, ambaye sisi wa Koboko tulimhesabu mtu wetu, aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini. Tulishangilia, siwezi kuficha. Familia ile iliondoka Oktoba. Asubuhi ya mwisho nilikuwepo kusaidia kubeba masanduku, na Ba alikaa kwenye mkeka wake kama siku zote. Shanga zilikuwa zilezile, muda uleule, kidole nje. Kisha akaizima taa kwa kuipepea na kiganja, akaifuta samli, akaifunga ndani ya kanga. Diwali ilipofika siku chache kabla ya tarehe 8 Novemba, mwisho wa zile siku 90, kizingiti cha nyumba ile kilikuwa giza.

Mtu ataniuliza, sala ilimfaa nini, ikiwa alifukuzwa? Swali hilo lilinikalia kooni hadi Oktoba 1980, zamu yetu ilipofika. Vita viliingia West Nile, tukakimbia kutoka Koboko kwa miguu hadi Sudan kupitia Kaya. Nilikaa ukimbizini miaka sita. Niliomba usiku na mchana nirudishiwe nyumba, na kila dua yangu ilikuwa na jina la mtu wa kulaaniwa. Niliinuka kwenye mkeka nikiwa na uchungu kuliko nilivyokaa. Usiku mmoja nikakikumbuka kile kidole. Nikaacha kuyataja yale majina. Nyumba sikurudishiwa, ilikwishachomwa. Lakini niliweza kulala, na asubuhi niliweza kufundisha watoto chini ya mwembe pamoja na mtoto wa mtu niliyekuwa namlaani. Kwangu mimi hilo ndilo jibu. Ba alimwendea Mungu ili abaki mtu, duka libaki lisibaki.

Sheikh na mchungaji mnaosoma hapa, nawaomba: msiwaambie watoto wetu kwamba jirani anaabudu shetani wa pesa wakati hamjamuuliza anasema nini. Nawe kijana wa bodaboda, udi hauchukui dakika tatu. Ngoja kimya, kama unavyotaka ungojwe ukiwa kwenye sala yako.

Siku ile hata mimi nilinyamaza, na nilikuwa mzee kuliko wote waliokuwa dukani. Komeo nililonunua limekuwa fupi kwa mlango wangu, kwa hiyo Jumatatu narudi Arua kulibadilisha. Nitaanza kwa kumwomba radhi mwenye duka.