Picha ileile, kila mwezi

Juma lililopita mama mmoja aliniuliza: « Dada, kila siku unapiga picha ya mchanga na maji, watu wa kupiga wameisha? » Tulicheka wote. Jibu langu lakini si la kuchekesha.

Mahali mama yangu alipokuwa akianika ndagala, hapa pwani ya Fizi, leo ni maji. Mwaka 2020 ziwa lilipanda, 2021 likaendelea, na 2024 likapanda tena. Ziwa Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, kwa hiyo mvua zikizidi, maji hayapati pa kwenda upesi. Mchikichi wa mama ulisimama ndani ya maji mpaka ukafa. Nyumbani nina picha za ubatizo, za arusi, hata za matanga. Ya mahali pale sina hata moja. Watoto wakiuliza bibi alikuwa anaanika wapi, ninawaonyesha mawimbi kwa kidole.

Ndiyo maana sasa, kila mwanzo wa mwezi, ninasimama karibu na jiwe la kufulia na kupiga picha ileile. Mwezi wa saba upepo wa kusini unavuruga maji, na moshi wa mashamba unaficha milima ya Ubwari. Mvua za kwanza zikiosha hewa, Ubwari inasogea karibu, utadhani unaweza kuita mtu wa huko akaitika. Masika yenyewe ni wamama kukimbia na shitingi kufunika ndagala kabla hazijaoza. Mwezi ukiwa mkubwa, taa za wavuvi hazivuti samaki, mitumbwi inapumzika: hapo mnapata picha nzuri za wanaume wakishona nyavu. Taa zenyewe za usiku, ziacheni. Simu zetu zinaleta giza na vidoti tu.

Pigeni asubuhi mapema. Saa sita nyuso zote zinakuwa nyeusi. Jua letu linatokea upande wa ziwa, basi ukitaka uso wa mtu uonekane, yeye aangalie ziwa na wewe ulipe mgongo. Na futeni kioo cha kamera kwa kitenge safi, mikono yetu ina mafuta ya samaki.

Jambo moja linaniuma. Msipige mama akiwa kazini bila kumwomba. Mimi nilipigwa nimeinama, kitenge kimelegea, na picha ikazunguka kwenye simu za watu mpaka kwa wakwe.

Tena msiweke vyote ndani ya simu. Yangu iliangukia majini nikishuka kwenye mtumbwi, picha za mwaka mzima zikaenda. Siku hizi ninatoa karatasi moja moja, nyuma ninaandika kwa bik: mahali, mwezi, mwaka.

Alhamisi tukikutana, kila mmoja alete picha zake za pwani za kabla ya 2020. Hata za arusi. Msiangalie maharusi, angalieni nyuma yao. Huenda mchikichi wa mama yangu umesimama hapo.