Maji ya Kifuu na Umaskini wa Istilahi

Wahenga walinena kwamba maji ya kifuu ni bahari ya chungu. Aghalabu methali hii humkanya anayedharau kidogo cha mwenziwe, lakini yafaa pia kuwa mlango wa elimu ya viumbe vidogo. Mnamo mwaka 1674, Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek alitazama maji ya ziwa kwa lenzi yake, akakuta humo umati wa viumbe wasioonekana kwa macho. Wengi wao walikuwa wa seli moja tu.

Viumbe hawa wanaihusu Kuze, mtaa wa Mji wa Kale wa Mombasa. Kisiwa hiki kimesimama juu ya mwamba wa matumbawe. Mvua hupenya mwambani, na maji matamu huelea juu ya yale mazito ya chumvi. Hayo ndiyo yaliyochotwa visimani kabla ya mabomba, na ndiyo yanayokimbiliwa mifereji inapokauka. Bahati mbaya, mwamba huohuo wenye vitundu hupitisha pia majitaka ya vyoo vya shimo.

Katika bwawa lililo wazi, vijimea vya seli moja, kama vile diatomu, hujitengenezea chakula kwa nuru ya jua, navyo huliwa na wanyama wadogo. Kisima kirefu kilichofunikwa hakina nuru. Chakula chake sharti kitoke nje. Bakteria hula uchafu ulioingia, na ameba na paramesiamu huwala bakteria. Kwa hiyo, paramesiamu wakijaa kisimani, si lazima wawe wao wenye kuleta maradhi. Ni mashahidi kwamba uchafu umeingia, na huenda umeingia pamoja na viini vya kipindupindu au vya kuhara damu.

Je, ushahidi huu utaelezwaje kwa Kiswahili? Katika mazungumzo ya kila siku, mlaji, mliwa na muuaji wote huitwa "vijidudu". Vijimea vya bwawani navyo huitwa "mwani" vitabuni, hali kwa mkaazi wa pwani mwani ni mmea wa baharini. Mwanafunzi wa Kuze husoma sayansi kwa Kiingereza, kisha akirudi nyumbani hukosa maneno ya kumweleza bibi yake kwa nini maji maangavu si lazima yawe maji safi.

Wapo watakaosema kwamba istilahi haziui viini. Dawa ya klorini na moto ndivyo viuavyo. Ni kweli, na maji ya kunywa hayana budi kuchemshwa au kutiwa dawa. Lakini anayeamini kwamba maji yang'aayo ni salama hataona haja ya kuwasha moto.

TUKI ilichapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na kazi hiyo haijaisha. Wanafunzi wa Kiswahili washirikiane na wenzao wa biolojia. "Viini vya maradhi" vitengwe kwa vidhuruvyo peke yake. "Vijimea vya maji" vitofautishwe na mwani. Walaji wa bakteria nao wapewe jina lao. Kisha istilahi hizo zipelekwe Kuze, zipimwe barazani mbele ya wazee na kina mama wachotao maji. Istilahi isiyoeleweka kisimani haijakamilika, hata ikiwa imechapishwa kamusini.