Mgonjwa wa figo, usitegemee mizani pekee

Kwa muda mrefu kitambi kimehesabiwa hapa kwetu kuwa dalili ya maisha mema. Lakini kwa mgonjwa ambaye figo zake zimeacha kufanya kazi, na ambaye damu yake husafishwa kwa mashine, sifa hiyo ni ya hatari.

Wagonjwa wengi na jamaa zao hudhani kwamba adui wao ni figo tu. Ukweli ni kwamba maradhi ya moyo na mishipa ya damu ndiyo yanayowaua wengi zaidi miongoni mwao.

Lipo jambo moja linalowachanganya watu. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wagonjwa wa mashine walio wazito kidogo huishi muda mrefu kuliko waliokonda. Hata hivyo, mizani haisemi uzito huo uko wapi. Uchunguzi wa wagonjwa 537, uliochapishwa na madaktari wa Italia mwaka 2009, ulionyesha kwamba kati ya watu wenye uzito unaolingana, wenye kiuno kinene ndio walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa.

Mafuta yaliyo chini ya ngozi ya mapaja hayana madhara makubwa. Yale yanayozunguka utumbo na ini hutoa kemikali zinazodhuru mishipa, na huvuruga sukari na mafuta ya damu. Mgonjwa wa figo aghalabu tayari ana shinikizo la damu na mishipa iliyokakamaa. Huo ni mzigo juu ya mzigo.

Nimewaona wagonjwa ambao uzito wao haukubadilika mwaka mzima, nasi tukaridhika. Kumbe misuli ilikuwa ikipungua na tumbo likiongezeka. Mshipi wa suruali ulijua kabla ya daktari.

Kwa maoni yangu, kila kituo cha kusafishia damu chapaswa kupima kiuno kama kinavyopima uzito. Utepe wa fundi cherehani hauhitaji bajeti ya wizara.

Nawe msomaji, jipime baada ya kutoka kwenye mashine, kwa maana maji yaliyozidi huweza kulivimbisha tumbo. Toa pumzi, kisha upitishe utepe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Sentimita 94 kwa mwanamume, au 80 kwa mwanamke, ni onyo.

Usijinyime chakula, kwani mashine hupoteza protini na kukonda ovyo ni hatari pia. Kula mayai, samaki au kuku kwa kipimo ulichopewa. Punguza sukari, vyakula vya kukaanga na pombe, na umwulize daktari wako utembee kiasi gani. Lakini tumbo likivimba ghafla na pumzi zikakatika, nenda hospitalini mara moja.

Wiki hii, uendapo kusafishwa damu, beba utepe na umwombe muuguzi aandike kipimo chako kwenye kadi.