Msafiri wa Baiskeli Kando ya Mto Loire

Baiskeli ikitajwa katika nchi ya Ufaransa, watu wengi huwaza mashindano. Mwaka 1903 yalianza huko mashindano makubwa yaitwayo Tour de France, ambayo hufanywa hata leo, na washindi wake husifiwa duniani kote. Sifa hiyo ni haki yao, kwa kuwa kazi yao ni ngumu. Lakini mbio ni kwa mashindano. Msafiri atakaye kuijua nchi na watu wake, yampasa kwenda polepole, na tena yampasa kushuka.

Jambo hili laonekana wazi katika njia ya baiskeli ifuatayo mto Loire. Mto huo ni mrefu kuliko mito yote ya Ufaransa. Urefu wake wapita kilometa 1,000. Njia yenyewe ina urefu wa kilometa 900 hivi. Huanzia karibu na mji wa Nevers, hupita Orléans, Blois, Tours, Saumur, Angers na Nantes, na huishia penye bahari ya Atlantiki. Kijana mwenye nguvu aweza kuimaliza kwa siku chache, akarudi kwao akijisifu kwa hesabu ya kilometa. Akiulizwa ameona nini, huenda akataja barabara na gurudumu la mwenziwe aliyemtangulia.

Mwenziwe aendaye pole huona mengi. Wakati wa joto maji ya Loire hupungua, na mafungu ya mchanga huonekana katikati ya mto. Juu ya mchanga huo hutaga ndege wadogo weupe wa jamii ya shakwe. Hawajengi kiota cha majani. Mayai yao hulala mchangani, na rangi yake yafanana na mawe, hata ni vigumu kuyaona. Mtu apitaye hapo bila kutazama aweza kuyaponda asijue. Baridi ikikaribia, ndege hao huruka safari ndefu mpaka pwani ya Afrika ya Magharibi. Basi, wageni wa pwani ya Afrika huzaliwa katika mchanga wa Ulaya, na usalama wao wategemea hatua za wapita njia.

Karibu na Tours na Saumur kuna jiwe jeupe laini liitwalo tuffeau. Jiwe hilo ndilo lililojengea majumba mengi ya wafalme na nyumba nyingi za wanakijiji pia. Mahali lilipochimbwa yalibaki mapango, na watu hawakuyaacha bure. Wengine waliyafanya nyumba, wengine ghala za divai, na wengine walipanda uyoga ndani yake.

Lakini la kufaa kuliko yote ni habari ya kijiji cha Villaines-les-Rochers, karibu na Azay-le-Rideau. Watu wa huko ni wasukaji wa vikapu. Hupanda mierebi bondeni, na wakati wa baridi, majani yakiisha kuanguka, hukata fito zake nyembamba. Fito husimamishwa majini mpaka miti ichipuke; hapo ganda hutoka kwa urahisi, nao huzimenya na kuzianika. Kabla ya kusuka huziroweka tena, maana ufito mkavu huvunjika. Hapo kale wengi walifanya kazi hiyo ndani ya mapango, kwa sababu unyevu wake huzuia fito zisikauke upesi.

Wasukaji hao walikuwa maskini. Mwaka 1849 padri wao, jina lake Chicoisne, aliwakusanya wakaanzisha chama cha ushirika, wauze vikapu vyao pamoja. Chama hicho kipo hata leo. Kimeona vita, kimeona ndoo za bati na vyombo vya plastiki vikienea sokoni, wala hakikufa.

Wako wasemao kwamba vikapu hivyo ni ghali, na kwamba chombo cha plastiki chatosha. Maneno haya yana ukweli kidogo, kwani bei ya kikapu ni kubwa kweli. Lakini asemaye hivyo ameona kikapu dukani tu. Hakuona fito zikikatwa, zikirowekwa, zikimenywa na kuanikwa, wala vidole vikizikunja moja moja. Mtu aliyewahi kusuka mkeka, akaufumua ukili mara tatu kwa kukosea, hatashangazwa na bei hiyo. Ndiyo sababu msafiri hana budi kushuka penye mlango wa karakana. Akitazama kazi, ataiheshimu. Akiiheshimu, atainunua kwa bei ya haki. Na kijana wa kijiji akiona kazi ya baba yake yaheshimiwa, ataweza kukaa aijifunze. Wasafiri wote wakipita mbio, njia nzuri itakuwa na faida gani kwa kijiji?

Aliishi zamani katika mji wa Saint-Étienne bwana mmoja, Paul de Vivie, aliyefariki mwaka 1930. Aliwafundisha Wafaransa wengi kusafiri kwa baiskeli. Aliwaonya wale kabla ya kuona njaa, wapumzike kabla ya kuchoka, na wasiendeshe kamwe kwa majivuno. Onyo hilo la mwisho ndilo kubwa. Mwenye majivuno huhesabu kilometa. Mwenye busara huhesabu mambo aliyojifunza.

Haraka haraka haina baraka. Baiskeli ni chombo chema, kwa kuwa humfikisha mtu mbali naye asitenganishwe na upepo, harufu za mashamba, wala salamu za watu. Lakini chombo hakina macho. Macho ni ya mpandaji, naye ndiye achaguaye kuyatumia au kuyafumba.